Kipalizi cha kusukuma kwenye mpunga: uzoefu wangu

Kama unalima mpunga wa kumwagilia kwa kilimo shadidi na unajiuliza iwapo kipalizi cha mkono kina thamani ya fedha yake, jibu langu ni ndiyo, ila kiingie jarubani mapema. Changu ni cha mstari mmoja, yaani gurudumu lenye meno linalosukumwa kati ya mistari ya mpunga, kimetengenezwa na fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, na mbegu yangu ni SARO 5.

Kilimo shadidi kinatutaka tupande mche mmoja mmoja, mdogo wa siku 8 hadi 12, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, bila kujaza maji muda wote. Mpunga unapumua vizuri, lakini magugu nayo yanapata mwanga na nafasi. Kwa hiyo palizi ya kwanza ndiyo yenye uzito kuliko zote. Siku 10 hadi 12 baada ya kupandikiza, magugu ndiyo kwanza yanachomoza. Unasukuma mbele, unavuta nyuma kidogo, meno yanayang'oa na kuyafukia kwenye tope, yanaozea hukohuko. Ukisubiri yarefuke, majani yanajizungusha kwenye gurudumu na utaishia kuinama kung'oa kwa mkono. Wakati huo mpunga umeshaumia: machipukizi hutoka mapema, na shina lililobanwa wiki za mwanzo halifidii yote hata ukisafisha shamba baadaye.

Narudia kila baada ya siku 10 hivi mpaka majani yafunge nafasi kati ya mistari. Hapo nakiweka stoo. Kivuli cha mpunga kinatosha kuyazuia magugu, na meno yangeanza kukata mizizi.

Maji yawe sentimita 2 au 3. Tope likikauka kinagoma. Maji yakizidi, magugu yanaelea na kushika tena. Kwenye skimu za umwagiliaji zenye zamu ya maji hili linasumbua kweli, kwa hiyo mimi hupanga palizi kwa kufuata zamu yangu. Urea naweka baada ya kupalilia. Ukitangulia kuiweka, unalisha ndago.

Kina mapungufu. Magugu yaliyo karibu kabisa na shina hakiyafikii, lazima mkono upite. Mpunga mwitu, unaofanana na mpunga wenyewe, unataka macho yako mwenyewe. Ndago huchipua tena kutoka kwenye vinundu vyake ardhini, usitegemee kupita mara moja. Na kama ulipanda bila kamba ya kunyoosha mistari, usikinunue kabisa, kitavunja miche.

Ekseli hushika kutu, hivyo nakiosha na kukipaka oili kila nikimaliza. Tafuta chenye mpini unaopanda na kushuka, kwa sababu mfupi unaumiza mgongo wa mtu mrefu. Kuhusu bei, ilinganishe na malipo ya vibarua wa eneo lako, ukikumbuka kwamba msimu wa palizi kila mtu anawataka wiki ileile. Na kabla ya kulipa, omba ukijaribu kwenye tope.