Muvi za Ousmane Sembène: angalia karatasi iko mkononi mwa nani

Nimemaliza karibu muvi zote za Ousmane Sembène, na kama umezoea zile ambazo dijei anakutafsiria huku anakuchekesha, huku hamna dijei bana, unasoma maandishi ya chini mwanzo mwisho, maana wanaongea zaidi Kiwolof na Kifaransa. Ila usikimbie.

Mzee ni Msenegali, kazaliwa Ziguinchor mwaka 1923, kapiga ukuli bandarini Marseille, Ufaransa, akaandika riwaya kwa Kifaransa, af alivyoona watu wa kwao wengi hawawezi kuzisoma akaenda Moscow kusomea sinema akiwa anakaribia miaka 40. Sa ukishajua hilo utaona muvi zake zina adui mmoja anarudi rudi: karatasi. Kuna waliosoma wanaoishika na kuna wengine wote inaowanyonga.

Inaanza kwenye Borom Sarret (1963), fupi tu ya dakika kama 20, mwenye mkokoteni wa farasi pale Dakar anambeba baba na maiti ya kichanga chake, wanafika makaburini wanaambiwa karatasi hazijakamilika. Basi. Maiti inalazwa chini, mkokoteni unageuza.

La Noire de... (1966) ndo iliniumiza zaidi. Diouana anachukuliwa na mabosi wake wa Kifaransa mpaka Antibes, Ufaransa, akijua anaenda kulea watoto, kufika anapika, anafua, anadeki, nje hatoki. Barua ya mama yake inakuja, hajui kusoma, bosi wa kiume anamsomea af anaanza na kumwandikia majibu, yaani anamtungia cha kumwambia mama yake mzazi! Tunaosikia habari za dada zetu wanaoenda Oman na Saudia kufanya kazi za ndani, hii utadhani imetoka juzi. Kasoro yake, mawazo ya Diouana yanasemwa kwa Kifaransa safi, tena sauti ni ya mtu mwingine, na inarudia rudia.

Mandabi (1968) kwangu ndo namba moja. Ibrahima Dieng, wake wawili, kazi hana, mpwa wake aliyeko Paris anamtumia hawala ya faranga 25,000. Posta wanataka kitambulisho, kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, cheti kinataka tarehe ambayo hata yeye haijui, na wakati huo mtaa mzima umeshasikia mzee ana hela kwahiyo wanapanga foleni kukopa. Aliyewahi kuambiwa njoo kesho kwenye dirisha la ofisi yoyote atacheka mpaka akasirike. Na atakayekuja kumtapeli hela yenyewe sio mzungu, ni ndugu yake msomi mwenye suti.

Hapo ndo namkubali Sembène, hawapambi watu wake. Xala (1975) tajiri anaoa mke wa tatu, usiku wa harusi jogoo hapandi mtungi, na huyo huyo radieta ya Mercedes yake inajazwa maji ya Evian, yale ya chupa ya Kifaransa. Mganga anamponya, anamlipa kwa cheki, cheki inadunda, mganga anarudisha ugonjwa hahaha.

Ceddo (1977) ilipigwa marufuku kwao Senegal, na sababu iliyotolewa na serikali ya Senghor, rais wao wa wakati huo, eti jina limeandikwa d mbili badala ya moja. Karatasi ikamfuata mpaka yeye mwenyewe. Ila niseme ukweli Ceddo ni nzito, wanakaa barazani wanabishana weee, na waigizaji wake wengi sio wa fani kwahiyo kuna sehemu wanasimama kama wanasubiri kuambiwa waseme.

Moolaadé (2004) ndo ya mwisho, ilipata tuzo kwenye tamasha la filamu la Cannes. Collé anawaficha wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa, anafunga kikamba cha rangi mlangoni, alama ya moolaadé yaani ulinzi wa kimila, na kijiji kizima hakuna wa kukivuka. Hamna muhuri wala saini, neno la mama mmoja tu. Wazee wanachokimbilia kuchoma ni redio za wanawake, zinarundikwa mbele ya msikiti zinateketezwa, maana redio haihitaji ujue kusoma.

Anza na Mandabi, ina rangi na inachekesha, af ndo uje La Noire de... ambayo ni nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja na nusu. Ceddo iache mpaka umeshamzoea mzee. Na Moolaadé usiiweke watoto wakiwa sebuleni.