Bushi za lowa amu kwenye Carina: nilikuja kugombana

Wadau, kabla ya salamu sikieni hii. Ko! Ko! Hiyo ni Carina TI yangu inapita kibonde kidogo tu hapa Chikongola, Mtwara. Na bushi nilifunga mpya, hazijamaliza hata msimu mmoja wa korosho!

Haya, salama? Kwa asiyejua, bushi ni kibomba cha chuma chenye mpira ndani, kinakaa pale lowa amu, ule mkono wa chini unaoshika gurudumu, inapofungwa kwenye gari. Kamera njoo karibu. Hii ndiyo niliyoitoa, ya nyuma kwenye lowa amu. Ona mpira ulivyochanika, chuma cha katikati nakisukuma kwa kidole kinakwenda. Kidole tu! 15,000 yangu, na boksi limeandikwa jenuini. Jenuini ya wapi?

Ila nimekaa nikakumbuka kitu. Siku ile fundi alikaza bolti gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Sasa tazama hii mpya. Boksi lilelile, ndilo lililokuwepo dukani. Mpira umegandana na chuma cha ndani na cha nje, hauzunguki, unajipinda tu. Nazungusha... umeona? Nikiachia, unarudi. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, gari likishuka mpira unabaki umejinyonga hivi, usiku na mchana, hata gari likiwa limepaki. Halafu uingie nalo barabara ya vumbi kufuata korosho. Utachanika tu.

Leo bolti tumezishikiza kwanza. Gari tumelishusha, magurudumu yote manne juu ya mbao nene, tumelibonyeza bonyeza likae. Ndipo fundi anaingia uvunguni na spana. Anavuta... tii! Hapo.

Mtaniuliza zile za njano, za plastiki ngumu. Zile zinazunguka zenyewe, hazina habari ya kujinyonga, lakini usipozipaka grisi ya silikoni zinalia kama kitanda cha gesti. Na seti ya mbele nimetajiwa 120,000. Kwa Carina hii? Hapana. Ingawa mkinichangia nitazijaribu, sikatai.

Halafu jamani, tumebakiza watu 40 tu tufike 3,000, bonyeza hapo chini.

Haya, kibonde kilekile. Sikia... Kimya! Usukani unavuta kushoto kidogo, alaimenti bado, yaani kunyoosha magurudumu, nitalipeleka gari kesho.

Asubuhi bushi hii niliipa alama 2 kati ya 10. Naiandika 6. Ila hilo neno jenuini walifute.