Mhariri wa Picha za Kanga: Tathmini ya Huduma Niliyoilipia Mara Mbili

Ninauza kanga na vitenge Kariakoo, hatua chache kutoka Mtaa wa Uhuru, na kwa miaka michache sasa sehemu kubwa ya wateja wangu wa rejareja hawafiki dukani kabisa; huchagua kwa picha ninazoweka Instagram na kwenye katalogi ya WhatsApp, wakalipa kwa simu, kisha wakasubiri mzigo. Katika biashara ya namna hii picha ndiyo kaunta, na ndiyo sababu mwaka huu niliacha kuzihariri mwenyewe usiku kwa programu za bure na kumtafuta mtu wa kuifanya kazi hiyo kwa malipo. Nimewapitia wahariri wawili wa kujitegemea kwa picha zilezile 120. Tathmini hii inamhusu hasa wa pili, ingawa haitaeleweka bila habari za wa kwanza.

Wa kwanza nilimpata kupitia mtandao mmoja wa kigeni unaokutanisha wateja na watu wa kazi za vipande. Bei yake ilikuwa sawa na shilingi 600 kwa picha, akaahidi siku mbili, na ahadi hiyo aliitimiza. Kwa kutazama harakaharaka picha zilivutia: mandhari ya nyuma ilikuwa nyeupe pe, mikunjo yote imetoweka na rangi zinawaka. Nilizipandisha siku hiyohiyo bila kuzikagua moja baada ya nyingine, na kwa hilo simlaumu mtu ila nafsi yangu.

Aliyegundua kasoro ya kwanza ni mteja wangu wa Muscat, ambaye hununua doti sita kwa mpigo kwa ajili ya sare za shughuli za familia. Aliagiza kanga aliyoiona nyekundu ya kuiva, akapokea damu ya mzee, kwa kuwa damu ya mzee ndiyo rangi ya kitambaa chenyewe na wekundu ule uliongezwa na mhariri ili picha ichangamke. Aliniandikia, "Dada, hizi siyo nilizozilipia," nami sikuwa na la kujitetea. Nilimrudishia fedha zake na gharama ya usafirishaji nikaibeba mimi.

Kasoro ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa mtu wa kanga. Mnunuzi wa kanga hutazama pindo na mji, yaani sehemu ya katikati, lakini mara nyingi kinachomfanya atoe fedha ni jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kwa sababu kanga anaivaa na anaisema. Mhariri yule, ili maandishi yaonekane makali, alizipitisha picha zangu kwenye programu ya akili mnemba, nayo badala ya kuyanoa maandishi iliyachora upya kwa kubahatisha. "Wema hauozi" likageuka kitu kinachokaribia kusomeka "Wema haucozi", na katika kanga nyingine zilitokea herufi zisizo za alfabeti yoyote ninayoijua. Mteja mmoja mtu mzima wa Tanga aliniuliza kwa upole kama hicho ndicho Kiswahili cha siku hizi.

Wa pili nilielekezwa na jirani yangu anayeuza keki. Ni kijana anayefanyia kazi chumbani kwake Mbagala, na bei yake ni shilingi 1,500 kwa picha, yaani zaidi ya mara mbili ya yule wa kwanza. Hata hivyo, kabla ya kutaja bei aliniuliza picha zitatumika wapi na zilipigwa chini ya mwanga gani, halafu akaongeza, "Mama, naomba na vipande vitano vya kanga zenyewe, nitavirudisha." Ombi hilo lilinikera kidogo wakati ule, kwa sababu nililiona kama njia ya kuchelewesha kazi, lakini nilimpa bodaboda mfuko.

Siku iliyofuata alizikataa picha 31. Alinieleza kwamba nilikuwa nimetundika kanga kati ya mlango na taa za ndani, na kwamba mwanga wa mchana, ulio kwenye Kelvini 5,500 hivi kwa kipimo cha rangi ya mwanga, haupatani na wa balbu ya manjano, iliyo karibu na Kelvini 3,000. Kwa sababu hiyo upande mmoja wa kitambaa ulionekana wa samawati na mwingine wa manjano, na ukiurekebisha mmoja unauharibu wa pili. Aliniagiza nizime taa zote, nitundike kanga karibu na mlango lakini nje ya jua la moja kwa moja, na katika picha ya kwanza ya kila kundi niweke pembeni karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Karatasi hiyo ndiyo anayoitumia kuiambia programu kipi ni cheupe, kisha huikata isionekane. Ushauri huu peke yake, ambao hakuutoza hata senti, umeniondolea nusu ya matatizo niliyokuwa nikidhani ni ya simu yangu.

Nilipokwenda kuvichukua vitambaa nilimkuta akihariri kanga yenye pindo jeupe iliyopigwa mbele ya ukuta mweupe. Kifaa cha kuondoa mandhari kwa kubofya mara moja kilikuwa kimekula sehemu ya pindo, hivyo alikuwa akiuzungushia mpaka wake kwa mkono, nukta baada ya nukta, akiwa ameikuza picha hadi nyuzi zikaonekana. Aliondoa alama za vibanio, vumbi na uzi mmoja uliokuwa ukining'inia, lakini mikunjo miwili ya juu aliiacha makusudi, akisema kwamba kitambaa kisicho na mkunjo hata mmoja huonekana kama karatasi iliyochapwa. Kila baada ya muda aliinua kipande chenyewe, akakisogeza dirishani na kukilinganisha na kioo cha kompyuta. Kitenge kimoja chenye mng'ao alishindwa kukipatia rangi kamili, akanishauri niandike chini ya picha kwamba mbele ya macho rangi yake imekolea zaidi. Ni shauri nililolithamini kuliko picha kumi nzuri.

Kila picha ilirudi katika faili tatu: moja kubwa ya kuhifadhi, moja ya pikseli 1080 kwa 1350 kwa ajili ya Instagram, na moja ya mraba yenye weupe kamili nyuma yake. Hiyo ya mwisho niliiomba kwa ajili ya mpwa wangu aliyeko Marekani anayejaribu kuuza mitandio Amazon, ambako picha kuu hutakiwa kuwa na mandhari nyeupe tupu na bidhaa kujaza takribani asilimia 85 ya fremu. Faili zote zilipewa majina kwa namba za mzigo wangu, na zilikuja kwa kiungo cha kupakua, kwa kuwa WhatsApp hubana picha na kupunguza ubora wake.

Kasoro anazo. Kazi ilichukua siku tisa badala ya tano, na akishaanza kazi hapokei simu. Marekebisho ya bure ni mawili tu kwa kila picha, na la tatu hulipiwa, jambo ambalo angepaswa kulisema mwanzoni. Lililoniudhi zaidi ni kwamba katika picha ambazo binti yangu alivaa kanga, alimng'arisha uso hadi mtoto akawa na rangi isiyo yake. Nilipomuuliza alisema wateja wengi huomba hivyo, na sina shaka kwamba ni kweli, lakini mimi sikuomba. Aliirudisha rangi yake bila malipo na akaomba radhi.

Kwa hesabu, wa kwanza alinigharimu shilingi 72,000 na wa pili, pamoja na zile 31 nilizozipiga upya, shilingi 180,000. Hasara ya mzigo wa Muscat peke yake ilizidi tofauti hiyo. Kwa anayetaka kuajiri mhariri, ningeshauri alipie kwanza picha tatu za majaribio, mojawapo ikiwa na maandishi na mojawapo ikiwa na rangi ngumu kama damu ya mzee au zambarau, kisha azikague akiwa ameshika bidhaa mkononi, kwenye simu ya kawaida kama ya mteja. Malipo ya awali yasizidi nusu.

Ninampa nyota nne kati ya tano. Wiki iliyopita nilimtumia picha 40 za vitenge vipya, na tayari amenirudishia tatu nizipige upya, kwa sababu pindo lilikuwa limekunjwa kwa nyuma nami sikuliona.