TUM pale Tudor: wazazi wa Pwani msikimbilie visa kwanza

Chuo cha TUM, yaani Technical University of Mombasa, nakipendekeza kwa moyo wote na sijatumwa na mtu. Binti yangu amemaliza pale kozi ya uinjinia wa mashine za hospitali, na hii rivyu naiandika kwa wazazi ambao sahizi mtoto amepata gredi ya kuingia chuo lakini mjomba wake ashaanza, ati mtafutieni visa aende Gulf akashike pesa.

Sisi wakubwa bado twaiita Poli. Ilianza kama MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), wanafunzi waliingia 1951, na kati ya waliochanga kuijenga ni Sultani wa Unguja, Aga Khan na Mabohora, ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate elimu ya ufundi. 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, 2013 ikawa chuo kikuu kamili.

Kilichonifurahisha zaidi ni masomo yenyewe. Umeme, elektroniki, hesabu, mwili wa binadamu unavyofanya kazi, halafu wapelekwa atachmenti hospitalini. Alikuwa akirudi jioni ananieleza habari ya inkyubeta za watoto njiti, kwamba kile kipimajoto kikidanganya kidogo tu mtoto anapata joto sana ama anapoa na nesi hana habari maanake namba kwa skrini iko sawa, na kuirekebisha wataka kifaa maalum na mtu aliyesomea. Mimi hapo ndio nikaelewa hii digrii ni ya nini.

Mwakumbuka 2015 serikali ilivyoingia mkataba wa kukodisha mashine za hospitali za kaunti? Ulitajwa kuwa wa shilingi bilioni 38 kwa miaka 7. Baadaye kamati ya Seneti ikaja kukuta kaunti zingine mashine zimekaa tu, pengine stima haitoshi, pengine hakuna maji, pengine hakuna mtaalamu wa kuzitumia. Pesa yalipwa na mgonjwa bado apanda basi kufuata matibabu mbali. Mimi nasema waliosoma hawatakiwi tu kuja kutengeneza ikiharibika, watakiwa wawe pale mkataba ukisainiwa, waulize spea zatoka wapi, nani atafunzwa, stima ya wodi yabeba mzigo huo ama haibebi. Nchi isiyo na watu wake wa kuuliza hayo italipa tu chochote itakachoambiwa.

Wanaoenda Gulf siwalaumu kabisa, nyumba ngapi Kisauni na Likoni zimesimama kwa jasho lao. Lakini nyumba ile ni ya familia moja, inkyubeta ikitengenezwa wodi nzima yafaidi.

Kinachoniuma ni huku nje ya chuo, kwenye kazi. Kuna hospitali moja, jina naliacha, ilimwambia binti yangu afanye bure kwanza "apate ekspiriensi", na mashine mbovu zimejaa kwa korido. Hilo waajiri warekebishe, wasipofanya hivyo hawa watoto tutawasomesha halafu waende kutengenezea watu wengine hospitali zao.

Kuna kampasi Kwale na Lamu pia, kwa hivyo ulizeni kozi yenu iko wapi kabla hamjatafuta chumba. Na kama ni uinjinia, ulizeni kama hiyo kozi inatambuliwa na bodi husika, halafu ombeni kuoneshwa woksho kabla ya kulipa fii.