TAHADHARI: Muuza ng'ombe anayewajaza maji kabla ya mnada

Ndugu wafugaji wa Arusha na Moshi, someni hii kabla hamjaenda mnadani. Kuna muuzaji anazunguka minada ya huku na ng'ombe jike, chotara wa Boran (aina ya ng'ombe wa nyama), anawanadi kuwa ni wa kuzalisha na wameshiba vizuri. Jina silitaji, nataja mbinu yake, kwa sababu hayuko peke yake.

Nilinunua wanne, shilingi 1,400,000 kila mmoja. Saa nane mchana matumbo yalikuwa kama mapipa. Nilipotaka kumgusa mmoja akanizuia, "Kaka, huyo mkali, atakuumiza." Nikarudi nyuma, nikalipa. Leo huyo mkali anamlamba mwanangu mkono zizini.

Usiku ule ule walikojoa mpaka zizi likawa tope. Siku ya tatu shimo la ubavuni kushoto, nyuma ya mbavu ya mwisho, lilikuwa limedidimia kiasi cha kuingiza bakuli. Rafiki yangu mfugaji wa Monduli akanieleza: wanalambishwa chumvi na magadi usiku, wananyimwa maji, halafu wanafunguliwa birika karibu na saa ya kuuza. Ng'ombe mwenye kiu hunywa lita 40 na kuzidi, na lita moja ni kilo moja. Kwa hiyo hata ukimpandisha kwenye mizani unalipia maji. Mwenye mimba kubwa naye tumbo lake litakudanganya vilevile.

Tumbo liacheni, shikeni mifupa. Weka kiganja kwenye mbavu za mwisho, bonyeza kidogo. Vidole vikihesabu ubavu mmoja mmoja bila shida, hakuna mafuta hapo. Sogea kiunoni, kati ya mbavu na nyonga, tafuta ncha za mifupa inayotokeza pembeni mwa uti wa mgongo. Wangu zilikuwa zinachoma kiganja kama kingo za ubao. Malizia kwenye shina la mkia: ng'ombe mwenye hali nzuri utahisi ulaini kila upande, aliyekonda utakuta mashimo. Akiwa na manyoya marefu ndiyo kabisa usiyaamini macho.

Kwenye kipimo cha unene cha 1 (amekonda kabisa) hadi 9 (amenenepa mno) kinachotumika kwa ng'ombe wa nyama, 5 ni wa wastani. Wangu walikuwa 3. Kila alama ni takriban kilo 40 za mwili, maana yake kila mmoja amepungukiwa kilo 80, nizijaze mimi kwa mashudu na pumba ya kununua. Na hasara haiishii kwenye pumba. Jike akizaa amekonda huchelewa kupata joto, yaani kutaka dume, wakati mimba ni siku kama 283, hivyo anatakiwa ashike tena ndani ya siku 80 hivi ndipo upate ndama kila mwaka. Mmoja wa hawa wanne ana mimba, nina wasiwasi naye sana.

Fika mnadani asubuhi, kabla hawajanyweshwa. Muuzaji akikukataza kugusa, ondoka, hata bei ikiwa tamu.

Nasikia juzi ameonekana upande wa Boma Ng'ombe akiwa na majike wengine sita. Stakabadhi ya mnada ninayo, na Jumatatu naenda kwa afisa mifugo. Kama na wewe ulinunua kwake, nitumie ujumbe twende pamoja.