Kurisiti ukubwani ili nisomee ukunga: uzoefu wangu na kituo cha jioni Kigoma

Kituo cha jioni nilichorisitia, yaani nilikorudia masomo ya mtihani wa kidato cha nne, kipo Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kwa mwanamke mtu mzima anayeutaka ukunga nakisifu kwa Kemia, kwa Biolojia na kwa namna ofisi yao inavyofuatilia karatasi za mtu. Kwa Fizikia hakikuniridhisha hata kidogo. Jina lake naliacha kwa sababu nina malalamiko pia. Nia yangu ni kwamba mwenye cheti cha zamani kabatini ajue ada yake inakwenda kulipia nini.

Nilikuwa mhudumu wa zahanati. Kufagia, kuchemsha vifaa, kumshika mkono mama aliye kwenye uchungu wakati nesi yuko peke yake zamu ya usiku na wanaojifungua ni wawili. Mkoa wetu una vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako mjamzito akipata tatizo anasafirishwa kwa boti, tena ziwa likichafuka inabidi kusubiri. Nilichoka kuwa mtu wa kushika mkono tu. Lakini cheti changu cha kidato cha nne kilikuwa na D ya Biolojia, D ya Kiswahili, D ya Uraia, na F za Kemia, Fizikia na Hesabu. Kwa cheti hicho huingii popote kwenye ukunga.

Njia yenyewe niieleze vizuri, maana mtaani kila mtu ana lake. Anayetoka kidato cha sita kwenda shahada ya uuguzi anatakiwa awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu kwa kiwango cha principal (daraja A hadi E), na pointi zisipungue 6. Mtu mwenye watoto na kibarua anaweza kuisoma PCB, yaani hayo masomo matatu, kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila sijamwona aliyetoka salama. Njia ya wengi wetu ni diploma. Diploma ya uuguzi na ukunga inataka ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Biolojia na Fizikia. D inakubalika. Hesabu na Kiingereza zinakuongezea nafasi. Unasoma miaka mitatu, na ukimaliza na GPA (wastani wa alama za chuo) isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada kwa sifa linganifu, yaani kwa diploma badala ya kidato cha sita, ukiwa na ile namba ya uhakiki wa diploma, AVN, inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wana shahada ya ukunga peke yake, na huko ndiko ninakoelekea. Kwa sasa nipo mwaka wa pili wa diploma, Kasulu.

D ya kidato cha nne inaanzia alama 30. Ukiisikia unaona ni ndogo. Kwa mtu aliyekaa miaka bila kushika daftari, na mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, hizo 30 za Kemia zinatafutwa kwa jasho.

Ndiyo maana mwalimu wa Kemia wa kituo hiki namwombea heri kila siku. Ni kijana, mdogo kwangu kwa umri, na hakuacha hata siku moja kuniita Mama Neema kwa heshima. Anafundisha kwa Kiswahili kwanza mpaka jambo likae, halafu analirudia kwa Kiingereza cha mtihani na kukuandikisha sentensi yenyewe jinsi NECTA, Baraza la Mitihani, wanavyotaka kuiona. Hesabu za moli zilikuwa zimenishinda tangu nikiwa msichana. Yeye alianza na mayai: ukisema trei, kila mtu anajua ni mayai 30, hakuna anayehesabu moja moja, moli nayo ni idadi iliyokwisha kukubalika, ila ni ya chembe, na ni kubwa mno. Baada ya hapo akaturudisha kwenye karatasi za mitihani iliyopita, swali kwa swali, wiki kwa wiki. Darasa zima la akina mama na vijana wa bodaboda tukawa tunakokotoa.

Maabara hawana. Wanaazima ya sekondari ya jirani siku za Jumamosi, na mnachangia kidogo kwa ajili ya kemikali. Changia, hiyo hela haipotei. Siku ya kwanza ya taitresheni, lile jaribio la kudondoshea asidi kwenye besi mpaka rangi igeuke, asidi ilikuwa kwenye bureti, ule mrija wenye vipimo, besi kwenye chupa ya chini, na kionyeshi cha metili orenji kimeifanya njano. Mikono ilikuwa inatetemeka. Mwalimu akasimama begani kwangu: "Mama Neema, sasa tone moja moja. Tikisa. Moja tena. Funga!" Njano ikageuka rangi ya chungwa, ikabaki hivyo. Akaniinamisha mpaka jicho likalingana na maji, nisome sehemu ya chini ya ule mbonyeo, maana ukisoma ukiwa umesimama wima jibu linahama. Leo chuoni nikivuta dawa kwenye sindano macho yanakwenda yenyewe usawa wa mstari.

Biolojia sina maneno mengi. Mwalimu ni mama mtu mzima, anajua darasa lake limejaa watu waliozaa, na anatumia hilo. Mada ya uzazi tuliimaliza upesi kuliko vijana.

Fizikia sasa. Mwalimu ni mmoja na anazunguka vituo kadhaa. Vipindi vilikuwa kwenye ratiba, watu tumetoka Ujiji na Gungu kwa nauli zetu, tunakaa, hatokei. Tulipewa notsi za kutoa kopi, zimefifia mpaka michoro ya saketi haisomeki. Tulipokwenda ofisini tuliambiwa linashughulikiwa, na ada ya mwezi ikaendelea kudaiwa kama kawaida. Hilo liliniuma, kwa sababu kituo kinatoza kwa somo, na kwa ukunga Fizikia si somo la hiari: ukikosa D yake umekosa vyote. Mwishowe tulijikusanya wachache, tukampata mwanafunzi aliyekuwa akisubiri matokeo ya kidato cha sita, akawa anatufundisha Jumapili mchana kwa hela ya vocha. Fizikia yangu nilifaulu kwa kijana yule.

Upande wa ofisi wanajitahidi sana. Dada wa mapokezi anaanza kuwafuata watu mwezi wa kwanza, kwa sababu usajili wa watahiniwa wa kujitegemea ndipo unapoanza. Niliposajili mimi ada ya NECTA ilikuwa shilingi 50,000 kwa anayewahi na 65,000 kwa anayechelewa, na 15,000 ni mboga ya siku kadhaa nyumbani. Hakubali kukusajili kabla hajaona cheti cha zamani pamoja na kitambulisho cha taifa cha NIDA. Kwetu wanawake hili ni kubwa: wengi tulisoma kwa jina la baba, na NIDA tukaandikishwa kwa jina la mume. Mwenzetu mmoja aliambiwa mapema aende kwa wakili kutengeneza hati ya kiapo, akaifanya kwa utulivu. Angeligundua siku ya kuripoti chuo ingekuwa kilio.

Tena ni yeye aliyenishikilia nirudie na Hesabu. Mimi nilitaka masomo ya sayansi basi, kwa kuwa diploma haiilazimishi Hesabu. Akaniambia baadhi ya kozi za afya za shahada huangalia mpaka D za kidato cha nne za Hesabu na Kiingereza hata kama una diploma mkononi, kwa hiyo ni afadhali kuimaliza sasa kuliko kurudi kwenye dawati la kurisiti ukiwa tayari nesi. Nilimsikiliza, na ninamshukuru.

Darasani tulikuwa rika zote. Walikuwepo mabinti waliojifungua wakiwa shuleni. Tangu waraka wa elimu wa mwaka 2021 binti wa namna hiyo anaruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima nayo ina masomo kwa ajili yao, kwa hiyo kama una mdogo wako wa hali hiyo kaulizie huko kwanza kabla ya kulipia kituo binafsi. Wawili kati yao walikuja na watoto wachanga na hakuna aliyewanyanyapaa. Hilo kwangu ni alama kubwa kwa kituo.

Vipindi ni kuanzia saa kumi jioni hadi saa moja. Masika barabara za ndani zinajaa tope na bajaji zinapandisha bei, kwa hiyo panga na mnaokaa njia moja mrudi pamoja.

Kuna jambo moja halihusu kituo lakini wanafunzi wake ndio wanaowindwa. Wapo watu wanaopita wakisema wana nafasi za diploma ya ukunga kwa cheti chochote, lete tu hela ya fomu. Usitoe. Vigezo vipo kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, unasomeka kwenye simu, na kila chuo kimeorodheshwa na kozi zake. Chuo au kozi isiyomo humo, achana nayo hata kama anayekushawishi ni ndugu.

Ukienda kituoni, omba kukaa kwenye kipindi kimoja cha Fizikia kabla ya kulipa, wanaruhusu. Mwalimu akitokea, lipia masomo yote. Asipotokea, lipia Kemia, Biolojia na Hesabu, na hela ya Fizikia itafutie mwalimu mwingine mapema, mwezi wa pili au wa tatu, usingoje mpaka mtihani wa mwezi wa kumi na moja uwe umekaribia.