Uzoefu wangu: kuandikiwa CV ya kuombea kazi nje ya nchi nikiwa Mtwara

Huduma ninayoieleza hapa ni ya kuandikiwa wasifu wa kuombea kazi nje ya nchi. Inatolewa na dada mmoja mwenye ofisi ndogo Chikongola, Mtwara mjini, ambaye alifanya kazi katika idara ya utumishi ya kampuni kwa miaka kadhaa kabla ya kujiajiri. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nimesoma VETA, na kazi zangu nyingi zimekuwa za mabomba na matangi katika ukanda huu wa kusini. Nililipa shilingi 60,000 kwa wasifu wa aina tatu: wa nchi za Ghuba, wa Kanada na wa Ujerumani. Kwa hali ya mji wetu hiyo si fedha ya kuchezea, hasa ukizingatia kwamba steshenari hukuchapia CV kwa shilingi elfu chache na kukukabidhi kabla hujamaliza soda. Kwa maoni yangu alistahili malipo yale, ila si kwa ajili ya karatasi zenyewe, ambazo zilikuwa za kawaida. Alistahili kwa sababu ya maswali aliyoniuliza kabla ya kuandika, ambayo sikuwahi kuulizwa na mtu yeyote, wakiwamo waajiri wangu.

CV ya steshenari inajulikana kwa kila aliyewahi kuomba kazi hapa nchini. Huanza na taarifa binafsi, yaani jinsia, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa na pengine dini. Hufuata shule ya msingi, sekondari na chuo. Kisha uzoefu wa kazi kwa mstari mmoja mmoja, lugha, mambo unayoyapenda, wadhamini watatu na namba zao za simu, na mwishoni kiapo chenye sahihi kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli. Kwa maombi ya hapa nyumbani sijaona mpangilio huo ukimkosesha mtu kazi. Tatizo lake ni kwamba nusu ya ukurasa wa kwanza inakwisha kabla msomaji hajajua unaweza kufanya nini, na mwajiri wa ng'ambo, asiyekijua chuo chako wala kampuni uliyoifanyia kazi, hana cha kumfanya aendelee kusoma.

Kikao chetu cha kwanza kilikuwa cha mahojiano matupu, bila kompyuta, na kilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Dada aliichukua CV yangu ya zamani, akaweka kidole kwenye sentensi iliyosema kwamba nilichomelea mabomba kwa bidii na uaminifu, akauliza: "Kaka, mabomba ya upana gani? Ya chuma cha aina gani? Yalikuwa yanazungushwa au yamefungwa mahali pamoja? Maungio yalikaguliwa na nani, na kwa kutumia nini?" Nikamweleza kwamba yalikuwa mabomba ya chuma cha kaboni ya inchi 6 hadi 12, yamefungwa yasizunguke, mzizi wa ungio, yaani tabaka la kwanza la ndani, ukichomelewa kwa TIG (sindano ya tangsteni na gesi ya kukinga) na tabaka za juu kwa fimbo, na kwamba maungio yalipigwa eksirei na mkaguzi ambaye hakuwa mwajiriwa wa kampuni yetu. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwamo kwenye CV. Fundi kwa fundi hatuelezani mambo hayo. Mwenzako anaangalia bomba, anaona.

Aliendelea hivyohivyo kwa kila kazi niliyoitaja: tulikuwa mafundi wangapi kwenye kikosi, nani alisoma michoro, kama niliwahi kuwasimamia wanagenzi, na mafunzo gani ya usalama kazini nilipewa na lini. Alisimama zaidi kwenye kipindi ambacho sikuwa na ajira. Steshenari walikiruka, na matokeo yake wasifu ukawa na pengo ambalo mwajiri wa mbali angeweza kulitafsiri vyovyote. Yeye alitaka kujua nilikuwa nikila kwa kazi gani, na jibu lilikuwa kwamba nilikuwa nikichomelea mageti, matela na fremu za mashine za kubangulia korosho kwa wateja wa Mikindani na Naliendele. Akaandika kuwa nilijiajiri, akataja aina za kazi na miaka yake, na pengo likazibika kwa jambo la kweli. Kwangu hii ndiyo sehemu bora ya huduma nzima, na ningeilipia hata kama asingechapa ukurasa mmoja.

Ujuzi wake ulifika ukingoni tulipoingia kwenye viwango vya ufundi, na ni vizuri fundi mwingine akalijua hilo mapema. Kuna njia mbili kubwa za kueleza kazi yetu kimataifa. Waajiri wanaofuata utaratibu wa Kimarekani, wakiwamo wengi wa miradi ya mafuta na gesi ya Ghuba, hutaka kuona viwango vya ASME Section IX au AWS D1.1, na mkao mgumu wa bomba huandikwa 6G, yaani bomba limefungwa kwa mshazari wa nyuzi 45 na fundi ndiye anayelizunguka. Ulaya hufuata ISO 9606-1 katika kumpima fundi wa chuma. Huko mkao uleule huandikwa H-L045 iwapo unachomelea kwa kupanda, na aina ya uchomeleaji hutajwa kwa namba: 111 ni ya fimbo, 141 ni ya TIG, 135 ni ya MAG, yaani waya unaolishwa na mashine pamoja na gesi. Rasimu ya kwanza ya Ujerumani haikuwa na namba hata moja kati ya hizo. Ilisema tu kwamba nina "uzoefu mkubwa na mashine za kisasa", maneno ambayo hayamwambii kitu msimamizi wa karakana popote duniani.

Nilimpigia simu mzee aliyekuwa msimamizi wangu, ambaye siku hizi anaishi Lindi, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinipa jambo jingine ambalo wala mimi wala dada hatukuwa tumeliwaza. Kwa utaratibu wa ASME, fundi asiyetumia aina fulani ya uchomeleaji kwa miezi 6 hupoteza sifa ya aina hiyo. Kwa ISO 9606-1, mwajiri au msimamizi wa uchomeleaji anatakiwa kuithibitisha sifa hiyo kila baada ya miezi 6. Kwa hiyo kuandika "TIG" peke yake hakutoshi. Ni lazima uonyeshe mwezi na mwaka ulioitumia kwa mara ya mwisho. Dada aliyapokea maelezo hayo bila kununa, akaongeza safu hiyo kwenye fomu anayowajazisha mafundi wengine. Watoa huduma wa namna hiyo si wengi.

Kuhusu nchi zenyewe, toleo la Ghuba lilikuwa jepesi. Kule picha ndogo, uraia, tarehe ya kuzaliwa na muda wa pasipoti kumalizika ni mambo ya kawaida kuwekwa, na nafasi unayoomba hutajwa juu kabisa, kwa kuwa maombi mengi hupitia kwa mawakala wanaopanga watu kwa fani. Mawakala hao hukupima kwa vitendo kabla ya mkataba, hivyo maneno mengi hayana faida.

Toleo la Kanada lilihitaji kufuta zaidi kuliko kuongeza. Picha, umri, hali ya ndoa na dini vyote viliondolewa, kwa sababu sheria za huko zinakataza kumbagua mtu kwa vigezo hivyo na mwajiri hapendi hata kuviona. Wadhamini nao waliondoka, hutolewa wakiombwa. Tarehe ziliandikwa kwa jina la mwezi, maana 05/08 kwetu ni Agosti na kwa msomaji wa Marekani ni Mei. Hata ukubwa wa karatasi ulibadilishwa, kwa kuwa Marekani na Kanada hutumia karatasi ya milimita 216 kwa 279, wakati A4 yetu ni 210 kwa 297. Jambo la maana zaidi ni kwamba dada alikataa kuandika kwamba nina sifa za Kanada. Kule wachomeleaji hupimwa chini ya CWB, shirika la uchomeleaji la huko, kwa kiwango cha CSA W47.1, na mafundi wana muhuri wa kitaifa uitwao Red Seal. Mimi sina vyote viwili, na wasifu unasema hivyo waziwazi, pamoja na kwamba niko tayari kupimwa. Jamaa yangu mmoja aliniambia nimejiharibia. Mimi naona mwajiri atakayegundua uongo wakati wa kipimo ndiye atakayeniharibia zaidi.

Ujerumani ilikuwa na kazi nyingi kuliko zote. Wasifu wao huanza na kazi ya sasa na kurudi nyuma, miezi ikitajwa ili pengo lionekane, na kwa mazoea huwekwa mahali, tarehe na sahihi mwishoni. Picha haidaiwi tangu sheria yao ya usawa ya 2006, ingawa wengi bado wanaiweka. Dada aliniachia uamuzi na nikaiweka. Kwa upande wa lugha alitumia ngazi za Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, badala ya maneno "nzuri" na "nzuri sana", na akanishauri niandike Kijerumani changu A1 hata kama kinatia aibu. Kizito ni viambatanisho. Mwajiri wa Kijerumani hutegemea kuona barua ya utumishi kutoka kwa kila mwajiri uliyemfanyia kazi, kwa kuwa kwao ni haki ya kisheria ya mfanyakazi. Hata kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma, lakini nani kati yetu mafundi wa vibarua vya miradi amewahi kukidai? Anayefikiria kutoka nje siku moja akidai leo, wakati ofisi ya mradi bado ipo na meneja bado anakumbuka jina lake.

Vyeti vya VETA vilituchelewesha kidogo. Mfumo wa sasa una ngazi ya I hadi ya III, na ya III ndiyo ya juu. Ule wa zamani wa majaribio ya ufundi ulikwenda kinyume: daraja la III lilikuwa la chini na la I la juu. Fundi mwenye cheti cha zamani akiandika "III" bila maelezo anaweza kuchukuliwa kuwa bingwa, na mwenye daraja la I akaonekana mwanafunzi. Dada aliliacha jina la cheti changu kama lilivyo, akaongeza mstari mmoja unaoeleza kwamba hiyo ndiyo ngazi ya juu kati ya tatu. Hakujaribu kukifananisha na cheti cha nchi nyingine, na alifanya vyema, kwa kuwa hiyo ni kazi ya taasisi za kutathmini vyeti.

Sasa malalamiko. Pamoja na matoleo matatu alinipa la nne kama zawadi, lenye safu mbili, rangi ya bluu, vialama vya simu na bahasha, na ujuzi wangu ukipimwa kwa nyota. TIG ilipewa nyota nne kati ya tano. Nani alizihesabu? Zaidi ya hapo, kampuni nyingi kubwa hupokea maombi kwa programu inayosoma maandishi ya faili kabla ya binadamu, na safu mbili, majedwali na picha huweza kuichanganya programu hiyo hadi ikaunganisha jina la mwajiri mmoja na miaka ya mwingine. Toleo hilo linapendeza kwenye simu, na nadhani ndilo linalomletea wateja, lakini nisingemtumia mwajiri yeyote. Kwa anayetaka kwenda Ulaya na hana fedha kabisa, fomu ya Europass kwenye intaneti ni ya bure, na mpangilio wake una vipengele vyote vya msingi. Kitakachokosekana ni mtu wa kukuhoji.

Lalamiko la pili ni kwamba maneno ya utangulizi wa wasifu yalifanana mno na ya mteja mwingine, fundi umeme ninayemfahamu. Nilipomwonyesha aliyaandika upya, bila ubishi.

Kwa upande wa usalama wa taarifa sina neno. Aliondoa namba yangu ya NIDA na ya pasipoti kwenye matoleo yote, akanieleza kwamba nakala ya pasipoti hutolewa baada ya kumthibitisha wakala, si kabla, na kwamba wakala yeyote wa kupeleka watu nje anaweza kuulizwa TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kama ana kibali. Hakuniahidi kazi. Alisema tangu mwanzo kwamba yeye anaandika tu, na atakayemwambia mteja kwamba CV inakuja na viza ni wa kuepukwa.

Wakala mmoja wa kazi za Ghuba ameniita kwenye mahojiano ya video na ameniorodhesha kwa kipimo cha vitendo Dar es Salaam. Kanada hawajajibu. Maombi ya Ujerumani sijayatuma, kwa sababu nasubiri cheti cha utumishi kutoka kwa mmoja wa waajiri wangu wa zamani. Dada amekubali kuliboresha toleo hilo bila malipo kitakapopatikana, na ameandika hivyo kwenye risiti.